Baba Yangu Hana Dada

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kamanda wetu. Mkuu wa Kituo hiki. Maofisa na askari wa vyeo vyote, mlio kwenye sare na mliokuja kiraia. Viongozi wetu wa dini. Mume, watoto na wajukuu wa mstaafu. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi mliobanana pale dirishani kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu nyote kwa heshima zenu. Kama kuna niliyempandisha au kumshusha cheo kwa bahati mbaya, anisamehe, maana mimi ni fundi wa majokofu, si mshereheshaji.

Mshereheshaji amenikaribisha kwa maneno matamu, kwamba nazungumza kwa niaba ya wananchi. Namshukuru, lakini wananchi hawakunituma, nimejituma mwenyewe. Wiki iliyopita nilikuja kutengeneza jokofu la bwalo hili, nikawasikia wapishi wakisema Afande anaagwa. Nikaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Kituo, mikono imejaa grisi, nikamwambia: nipeni nafasi ya kusema, la sivyo soda za sherehe mtazinywa zikiwa za moto. Soda mlizoshika ni baridi, kwa hiyo mnajua alinijibu nini. Na tukiwa hapo hapo, jokofu halina ubaya wowote, kibovu kilikuwa mlango. Acheni kuufunga kwa teke.

Sasa nije kwa mwenye siku yake. Mnamwona pale mbele, ameweka mikono mapajani kama shahidi anayengoja kuitwa. Hapendi kusifiwa. Tangu asubuhi anatafuta kisingizio cha kwenda jikoni kuangalia wali. Afande, kaa. Wewe ulinihoji mimi, leo zamu yangu.

Wote hapa tunamwita Afande Ukoo, na yeye anajua, na wala hakasiriki. Jina lenyewe alilitafuta kwa mdomo wake. Nenda kwake umshtaki jirani yako kwamba amekumwagia maji machafu mlangoni, atakuuliza kwanza huyo jirani ameoa kwa nani. Askari mmoja wa hapa alimleta mchumba wake amsalimie tu, wapite zao. Walipotoka, yule dada alisema posa imekwisha, kilichobaki ni kupanga tarehe, maana Afande ameshawajua wazazi, wajomba, na shangazi anayesumbua. Nani kati yenu hajawahi kusimamishwa kwenye korido ile akaulizwa, "Wewe ni wa nani?" Naona mnacheka. Na mimi ningecheka, kama swali hilo lisingekuwa ndilo lililonifanya niwe hai na niwe hapa.

Wengi mnanijua kwa begi la spana. Wachache wanajua kwamba mara yangu ya kwanza kuingia kituo hiki niliingia kama mwizi.

Nilikuwa binti mdogo, nimemaliza shule juzijuzi, sina kazi. Akaja nyumbani kwetu bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa na mdomo wa asali. Alisema ana nafasi ya kazi ya dukani mjini, na jioni nitasoma. Baba aliuliza maswali yote ambayo mzazi huuliza, na bwana yule alikuwa na majibu yote. Nikafungasha.

Mjini nilipokewa na mama mmoja wa heshima zake, amevaa vizuri, anacheka na kila mtu njiani. Duka halikuwepo. Kulikuwa na nyumba yenye geti refu, na ndani mabinti wenzangu waliokuwa wanapika kutwa kucha kwa ajili ya hoteli yake. Alichukua simu yangu, akachukua kitambulisho changu, akasema mshahara ananitunzia. Kisha akanipa agizo la kwanza: "Hapa utaniita shangazi. Akija mgeni, shangazi. Sokoni, shangazi. Polisi wakikuuliza, shangazi." Sote tulimwita hivyo, mabinti tuliotoka kila pembe, tusiofanana hata kope.

Niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja tulimwita Mrefu, kwa sababu miguu yake ilikuwa inatokeza nje ya shuka. Alikuwa na utani mwingi, ndiye aliyetuwezesha kuvumilia. Siku moja Mrefu aliambiwa aoge, akapigwe picha ya pasipoti. Baada ya muda mfupi akaondoka. Tuliambiwa amepata kazi nzuri nchi za nje. Halafu nikamsikia mama yule akisema kwenye simu, "Mzigo wa pili unaondoka Ijumaa." Kesho yake akaniambia mimi: oga, twende ukapigwe picha.

Hapo nikaelewa kwamba mzigo ni mimi.

Mchana mmoja mtu wa gesi alileta mtungi, akatoka bila kubana geti. Nikatoka nyuma yake na kandambili zangu, nikaenda hadi stendi, nikakaa kwenye benchi bila nauli na bila kujua basi la kwetu ni lipi. Askari wawili wakanijia. Jamani, nilifurahi! Nilitaka kuwakumbatia. Kumbe walikuwa wananitafuta mimi. Shangazi alikuwa ameshafika kituoni kabla yangu, amefungua kesi kwamba mtoto wa ndugu yake amemwibia simu na kutoroka.

Hebu fikirieni ujasiri huo. Mtu anakuiba wewe mzima, kisha anakwenda polisi kushtaki kwamba umemwibia. Na si kwamba alikosea njia. Alijua kwamba polisi wana gari, wana macho, na wana moyo wa kumrudisha mtoto nyumbani. Alikuja kuazima moyo huo ili umfanyie kazi yake. Watu wa biashara hii hawawaogopi polisi kila mara, Mheshimiwa. Wakati mwingine wanawatumia, kama walivyotaka kuwatumia siku ile. Ndiyo maana nataka askari vijana mlioko hapa mnisikie vizuri.

Nikasimamishwa kaunta. Mkuu wa Kituo wa wakati ule alikuwa, naomba asinikazie macho, Mgeni Rasmi wetu wa leo. Kamanda, sikuja kukuaibisha, subiri nifike mwisho. Shangazi alikuwa analia machozi ya kweli kabisa. Akasema, "Simu ni kitu gani, mkuu? Damu yangu hii. Nimemsamehe. Nipeni mtoto wangu niende naye." Alikuwa ameshanishika kifundo cha mkono. Na Mkuu akasema maneno ambayo polisi wengi wangeyasema, kwa nia njema kabisa: "Haya ni mambo ya familia. Mama amesamehe. Malizaneni nyumbani."

Nilikuwa na ya kusema, tele. Lakini tulikuwa tumeambiwa kwamba msichana asiye na kitambulisho akifungua mdomo mbele ya polisi ndiye anayefungwa, na kwamba kwetu kunajulikana, na baba yangu anajulikana. Nikageuka kumfuata. Ijumaa ilikuwa karibu.

Pale pembeni, kwenye kiti kilichokatika mgongo, alikaa askari wa kike anamenya chungwa. Hakusimama. Hakuinua hata sauti. Alisema tu, "Mkuu, kama ni mambo ya familia, basi tuijue familia."

Askari wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Haya, Afande ameanza!" Yeye akaendelea kumenya. Akaniuliza mimi, siyo mama yule, mimi: "Binti, baba yako kwao wamezaliwa nani na nani?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Kuna baba mkubwa, halafu baba yangu, halafu baba mdogo anayetengeneza baiskeli, halafu baba mdogo kitindamimba."

"Na wa kike?"

"Hakuna. Bibi alizaa wanaume watupu. Baba yangu hana dada."

Ndugu wageni waalikwa, naomba mlitazame swali lile kwa makini. Nilikuwa nimekatazwa kusema nimetoka wapi. Nilikatazwa kusema nimeletwa na nani, nafanya kazi gani, nalala wapi. Lakini hakuna aliyekumbuka kunikataza kuwataja ndugu za baba yangu. Afande alipitia mlango ambao haukuwekewa mlinzi. Angeniuliza "Je, umetekwa?" ningesema hapana. Angeniuliza "Huyu ni nani wako?" ningesema shangazi, kama nilivyofundishwa. Aliniuliza habari za kwetu, nikasema kweli kabla sijajua kwamba nimeisema.

Akamgeukia yule mama. "Mama, wewe uko wapi katika hawa?"

Mama akacheka kidogo. "Mimi ni wa upande wa mama yake, afande."

"Upande wa mama hakuna shangazi. Kuna mama mkubwa na mama mdogo."

"Si unajua mjini, afande. Tunaitana tu."

Na ni kweli, mjini tunaitana tu. Hata Mkuu akaitikia, akasema watoto wa jirani yake wanamwita mjomba na hana undugu nao. Kicheko kingine. Nikaona mlango unafungwa tena. Afande akakubali kwa kichwa, akala kipande cha chungwa, akasema, "Sawa. Basi mama yake huyu ni dada yako. Mmezungumza lini mara ya mwisho?"

"Juzi tu kwa simu," akasema yule mama, bila hata kupepesa. "Hajambo, anawasalimu."

Mimi nikaanza kulia. Sikulia kwa woga. Nililia kwa sababu mama yangu alikuwa amefariki nikiwa bado sijaanza shule, na mtu huyu alinikalisha nyumbani kwake miezi na miezi, akijua namba ya kiatu changu na ndoo ngapi naweza kubeba, asiniulize hata siku moja kama nina mama. Nikasema, "Mama yangu alishakufa."

Afande akafuta mikono yake, akamtazama yule mama kwa upole mkubwa, akasema: "Pole na msiba, mama. Naona hukupata habari."

Niwaambie jambo moja kuhusu Kamanda, kwa sababu nimeshamsema, na haki itendeke. Alisimama palepale. Alizunguka kaunta mwenyewe, akautoa mkono wangu kwenye mkono wa yule mama, kidole kimoja kimoja, akamwambia, "Mama, kaa." Gari la kituo halikuwa na mafuta siku ile, kama ilivyo desturi ya magari ya kituo, akatoa ufunguo wa gari lake. Kamanda, kuna wakubwa ambao wakishatamka neno mbele ya watu hawalirudishi nyuma hata liwe la hatari. Wewe ulilirudisha. Nimekuheshimu tangu siku ile.

Walikwenda kwenye ile nyumba mchana kweupe, bila king'ora, mimi nikiwa kiti cha nyuma nimefunikwa khanga ya Afande ili nisionekane. Geti lilipofunguka, mabinti wote wakatoka, na kwa mazoea wakainamisha vichwa wakasema kwa pamoja, "Shikamoo shangazi." Walikuwa wanamwambia Afande! Mwanamke yeyote aliyeingia pale alikuwa shangazi.

Akawaambia, "Mimi si shangazi yenu, na yule naye si shangazi yenu. Haya, kila mmoja aniambie yeye ni wa nani." Akageuza ndoo, akakaa juu yake. Askari kijana alikuwa ameshatoa pingu, maana vitambulisho hakuna, vibali hakuna. Afande akamwambia, "Rudisha hizo mfukoni. Hawa tunawarudisha, hatuwakamati." Mmoja baada ya mwingine, wakaanza kutaja baba, mama, mjomba, kaka. Aliyeanza kwa kunong'ona alimaliza kwa sauti. Niliona kwa macho yangu watu wakirudiwa na majina yao, na mpaka leo sijaona kazi ya polisi iliyo nzuri kuliko ile.

Ni vituo vingapi, ndugu zangu, ambapo mabinti kama wale wangelala mahabusu kwanza kwa kukosa karatasi, ndipo mtu aulize walifikaje? Mnajua jibu, sihitaji kulisema mbele ya wageni. Katika kituo hiki siku hizi askari mpya hafundishwi tu kupiga saluti. Anafundishwa kwamba mtoto akija kudaiwa, na anayemdai akawa na haraka, keti, menya chungwa, ulizia ukoo. Kuna mabinti na vijana wa kiume wengi waliofika kwao kwa njia hiyo. Hawapo hapa leo, wako kazini na majumbani kwao, wanagombana na ndugu zao wa kweli, na hiyo ndiyo furaha yake Afande.

Kesi ilikuwa ndefu. Yule mama na yule bwana wa viatu walifungwa. Kila niliposimama kizimbani kutoa ushahidi, Afande alikaa mahali ambapo macho yangu yangemwona yeye kabla ya kumwona mtu mwingine. Alinitafutia mwalimu wa ufundi wa majokofu, baada ya kumhoji yule mzee mpaka babu yake mzaa babu. Mzee wa watu alinipokea akiwa amechoka kabisa, akaniambia, "Hata benki hawakuniuliza hivi."

Lakini kuna jambo alilikataa. Siku moja tumetoka mahakamani, nimefurahi, nikamwita shangazi. Lilinitoka tu, kwa mapenzi. Akasimama katikati ya ngazi. "Hapana, binti," akasema. "Neno hilo wamelichafua. Mimi nisilivae likiwa na uchafu wa mtu mwingine. Niite afande. Shangazi ni dada wa baba. Siku baba yako akipata dada, ndiyo utakuwa na shangazi." Akacheka, tukashuka. Nimemwita afande tangu siku hiyo, miaka yote hii, hata nilipokwenda kwake kula, hata nilipojifungua na yeye akiwa wa kwanza kumshika mtoto.

Kabla sijamaliza, Mkuu wa Kituo, nina neno moja zito. Mrefu hajapatikana. Afande amemtafuta kwa kila aliyekuwa na sikio. Amewapigia simu polisi wa nchi za watu, amewafuata wasafiri, kila mara anaanza upya kwa swali lilelile. Juzi nilimuuliza kama hilo limemvunja moyo. Akaniambia, "Nastaafu kazi. Kumtafuta yule sistaafu." Naomba faili la Mrefu lisistaafu naye. Mpeni askari mwenye mdomo, mwenye udadisi, anayewachosha wenzake. Kila kituo kina mmoja wa namna hiyo, na kwa kawaida mnamcheka.

Sasa, Afande. Jumatatu unarudisha sare. Cheo kinabaki hapa, anakichukua mwingine. Nimekaa nikijiuliza nitakuita nani. Mama? Una watoto wako, wananitazama hapa vibaya. Mstaafu? Hilo si jina la mtu. Nikapeleka swali hilo nyumbani.

Baba, naomba usimame. Ni yule pale, mwenye koti la kijivu, safu ya nyuma. Hapana, usikae, baba, simama watu wakuone. Huyu ndiye baba yangu asiye na dada. Amesafiri kuja hapa, na njia nzima kwenye basi alikuwa ananiuliza jambo moja: "Atakubali?" Hazungumzi mbele za watu, amenipa maneno niyaseme mimi.

Anasema hivi. Mama yake alizaa wanaume watupu, na mpaka anaingia kaburini alikuwa na hamu ya binti. Nafasi hiyo haijazibwa. Wamekaa kikao, yeye na ndugu zake wote, na wamekubaliana kwa sauti moja, ingawa baba mdogo wa baiskeli aliuliza kama dada mpya anapika vizuri, akanyamazishwa. Kwa umri umewapita wote, kwa hiyo wanapata dada mkubwa wa kuwagombeza, na wanakiri kwamba wanahitaji. Mume wa Afande, hujaulizwa, lakini kuanzia leo una mashemeji wanne na hakuna hata mmoja anayejua kukaa kimya. Baba anasema hakuja kukulipa, maana hana cha kulipia jambo kama hili. Amekuja kuomba. Anaomba uwe dada yake.

Neno lile ulilolikataa kwenye ngazi, Afande, nimelifua. Imechukua miaka. Nimemfundisha mwanangu neno hilo upya, kwamba ni neno zuri, kwamba ni mtu anayesimama upande wa baba yako na kukugombania. Sasa ni safi, na lina mwenyewe.

Ndugu wageni waalikwa, mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili, na nimeshukuru sana. Mshereheshaji, nakuona unakuja, usichukue kipaza sauti bado. Kuna mtu mmoja sijamsalimu tangu nisimame hapa, na sitashuka mpaka aitikie.

Shangazi, shikamoo.